Mraba Mmoja, Jina Moja

Asubuhi ya Jumanne, watu wa Mlanzi wakiwa wanakunywa uji, Pacha alitangaza kwamba kijiji chao kimepigwa na tetemeko la ardhi.

Tangazo lilikwenda kote linakopaswa kwenda. Treni ya mizigo ilisimama ghafla katikati ya daraja, mbali huko juu. Mtambo wa umeme ukajizima kwa usalama wake. Ndege mbili za uokozi, zile ndogo zisizo na rubani, zikaja kuzunguka juu ya bonde zikiuliza kwa sauti ya upole kama kuna mtu aliyefukiwa. Hakukuwa na aliyefukiwa. Kulikuwa na bibi mmoja anachambua mboga, naye alizitazama, akazisonya, akaendelea na mboga zake.

Somoe Likindi alitoka kwenye hema lake na mswaki mdomoni. Yeye ndiye aliyetumwa na Kituo cha Ramani Hai kuja kuitafsiri Mlanzi, yaani kuitazama ardhi ya bonde lile na kuiandika kwa Kamusi, lugha ambayo mashine zote huisoma kwa maana moja, ili Pacha apate kuijua. Na huyo Pacha hakuwa mtu. Alikuwa nchi nzima iliyojengwa upya ndani ya mashine, mlima kwa mlima na kisima kwa kisima. Yeyote aliyetaka kujua maji yakifunguliwa hapa yatafika wapi, au moto ukiwaka kule utakula nini, alimwuliza yeye kwanza. Tangu afike, Somoe alikuwa akipigilia vigingi vyenye antena kwenye pembe za mashamba. Sasa alifungua kishikwambi chake akaona vigingi vyote vimehama usiku mmoja, vimekwenda upande wa mashariki, vimejipanga vizuri kabisa kama vilivyokuwa mwanzo. Pacha naye, kwa akili zake, alikuwa ameona nusu ya bonde imeteleza.

Akakimbilia mtoni. Hakuhitaji kufika mbali, maana Bi Siwema, mwenyekiti wa wakulima, alikuwa anamjia na kigingi kimoja amekibana kwapani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya pili.

"Shikamoo, Bi Siwema. Hivi vigingi nani kaving'oa?"

"Marahaba, mwanangu. Tumeving'oa sisi. Usiku mto umejivuta, vigingi vyako ukaviacha nyuma. Tukasema mgeni wa watu kachoka, tumsaidie kuvisogeza. Hiki kimoja ndio kimebaki, sijui ulikiweka cha nini."

"Lakini si vya mto hivyo. Ni vya mashamba."

"Sasa mwanangu, shamba linaanzia wapi kama si majini?"

Somoe akatema povu la dawa ya meno. Bi Siwema akamshika mkono kama anayemvusha mtoto barabara, akampeleka ukingoni. Pale wanaume wawili walikuwa wamenyoosha kamba ndefu ya ukindu kutoka majini kwenda nchi kavu, na kwenye kila fundo la kamba palisimama mtu wa kaya moja. Mashamba ya Mlanzi, Somoe akaanza kuelewa, hayakuwa mahali. Yalikuwa zamu. Kaya ya kwanza ililima kuanzia majini hadi fundo la kwanza, ya pili ikafuata, mpaka ya mwisho kule kwenye nyasi. Mto ukihama, safu yote inahama nao, kila mtu na jirani yake yuleyule, na hakuna anayegombana.

"Mimi mwaka huu ni wa mwisho kwenye safu," Bi Siwema alisema. "Mwanahamisi yule pale ndiye wa kwanza. Maji yanamlamba miguu."

Mwanamke wa rika la Somoe, mtoto mgongoni, aliinua mkono bila kutabasamu.

Somoe alikuwa amekwisha kutafsiri vilele vya milima, magadi, na jangwa moja ambalo halikuwa na jambo lolote la kuandika isipokuwa mchanga. Hakuwahi kukutana na shamba linalotembea. Alipaswa kuona aibu kwa sababu ya ile treni iliyosimama darajani, na aliona kidogo, lakini zaidi ya aibu alisikia raha inayomwasha mikononi, ile ya mtu aliyepewa fumbo jipya. Akafuta lile tetemeko, akaketi chini kwenye majani yenye umande, akaomba aelezwe tena kuanzia mwanzo.

*

Raha ile haikumfikisha jioni.

Kwenye kishikwambi aliichora safu ya mashamba, akamwambia Pacha: shamba, lenye watu. Halafu akamwuliza swali ambalo ndilo hasa lililomleta Mlanzi. Bwawa la Kitapi lilikuwa limejaa, na siku ya Ijumaa malango yake yangepunguza maji. Je, yangepunguziwa huku, kwenye Mto Luhombe, au kwenye mkondo wa kusini unaokwenda moja kwa moja baharini?

Kusini, alijibu Pacha. Huku kuna mashamba na watu. Malango ya huku yatafungwa.

Hilo ndilo jibu alilolitoa miaka mitatu mfululizo, tangu mtu fulani asiyewahi kukanyaga Mlanzi alipoitazama kutoka angani wakati wa kiangazi na kuiandika shamba. Kwa miaka mitatu Pacha alikuwa ameilinda Mlanzi dhidi ya mafuriko, kwa uaminifu mkubwa, na kwa miaka mitatu Mlanzi ilikuwa inakufa njaa. Watu wale walilima mlao. Waliyasubiri mafuriko juu ya madungu yao, vibanda vilivyoinuliwa kwa nguzo ndefu, na maji yalipoanza kurudi waliyafuata nyuma siku kwa siku, wakipanda kunde na mahindi kwenye tope bichi kabla jua halijalikausha. Bila mafuriko hapakuwa na tope. Ardhi ya bonde ilikuwa imepasuka nyufa za kuingiza mguu.

Akafuta "shamba", akaandika "mto". Pacha hakusita hata kidogo. Malango yatafunguliwa, alisema, na kwenye kioo maji ya buluu yakashuka polepole yakatanda bonde zima, mazuri kuyatazama. Kisha Somoe akatazama pembeni, pale penye idadi ya watu. Paliandikwa: hakuna.

Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Hakuna anayeishi mtoni. Maji yangepanda hadi kwenye sakafu za madungu, yapite, yazoe kila kitu, na hakuna boti moja ya uokozi ambayo ingejisumbua kuja, kwa kuwa katika nchi ya Pacha pasingekuwa na mtu wa kuokolewa.

Alimpigia Mhandisi Semhando, mkuu wake wa kazi, mzee aliyekuwa mmoja wa walioiandika Kamusi yenyewe.

"Mzee, hapa pana kitu ambacho ni mto na ni shamba."

"Wakati mmoja?"

"Kwa zamu. Lakini malango yanataka jibu moja."

"Basi liwe jibu moja." Alisikika akivuta kiti. "Somoe, mraba mmoja wa ramani, jina moja, maana moja kwa kila mashine. Unajua kwa nini tuliandika hivyo?"

Alijua, kila mfanyakazi wa Kituo alijua, lakini hakuwahi kuisikia sababu hiyo kutoka kwake.

"Mafuriko ya Lukumbi," mzee alisema. "Maji yalikuja, mashine zikawa mbili. Moja inapima urefu wa nchi kuanzia usawa wa bahari, nyingine kuanzia chini ya mto. Zikapeana namba, kila moja ikaamini imeelewana na mwenzake. Boti zikapelekwa nyuma ya kilima, kwenye nchi kavu. Mimi nilikuwa kwenye boti mojawapo. Tumekaa pale na maboya yetu, tunasikia watu wanaita upande wa pili. Unanielewa? Tunawasikia."

"Tuongeze jina jipya basi. Mlao."

"Jina jipya hupigiwa kura na nchi zote. Mimi niliomba jina la mti mmoja tu. Nilipoomba nilikuwa na nywele nyeusi." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Hawawezi kuhama hizo siku za maji? Wapande mlimani, warudi?"

"Mlimani ni mbali, Mzee, na njia yenyewe ndiyo ya kwanza kuzama. Maji yakianza kurudi hayamsubiri mtu. Watakaporudi watakuta tope limeshakuwa matofali."

"Basi chagua wewe. Saini ni yako. Ila usinitungie jina lako mwenyewe, nakuomba. Mashine nyingine zitalisoma kivyao, na hatujui zitalisomaje."

*

Somoe hakutaka kuchagua peke yake, na hilo alilisema waziwazi mbele ya watu wote, siku iliyofuata, kwenye uwanja wa shule. Aliwaeleza yote. Wakiandikwa watu, maji hayaji. Wakiandikwa mto, maji yatakuja, lakini wao hawatahesabiwa na yeyote.

"Tuandike mto," alisema Bi Siwema, hata kabla hajaketi vizuri. "Kwani babu zetu walikuwa wanahesabiwa na nani? Maji tunayajua. Yakija mengi tunaongeza miti juu, tunapandisha kitanda juu ya meza, tunapandisha meza juu ya magogo. Mimi nimezaliwa juu ya dungu, mama yangu anasema mamba alikuwa wa kwanza kunipa hongera."

Watu wakacheka. Kicheko kilikuwa hakijaisha Mwanahamisi aliposimama.

"Mimi sitaki kuwa mto."

Vichwa vikageuka.

"Mafuriko ya mwisho, mnakumbuka, nguzo za kwetu zilikatika. Mama yangu alikaa juu ya paa na mguu umevunjika. Nani alimtoa? Ilikuja ile ndege, ikaita boti, boti ikaja. Haikuuliza huyu wa ukoo gani. Ilikuja kwa sababu ilijua pale kuna mtu." Alimpangusa mtoto pua kwa upande wa khanga, bila haraka. "Dungu langu ndilo la kwanza majini. Bi Siwema ni wa mwisho. Yeye maji yanamfikia yamechoka. Sasa tupige kura, ninyi wote mnataka maji, mimi nitashindwa. Lakini mniambie kura hiyo ni ya nini. Ni ya kulima, au ni ya kuamua mimi nisionekane?"

"Hakuna anayetaka usionekane, Mwanahamisi," Bi Siwema alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Lakini watoto wangu wamekwenda mjini kubeba zege. Mwaka huu tope lisipokuja, na mimi nakwenda. Nitakwenda kubeba zege na mwili huu?"

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akamgeukia Somoe, akamwuliza yeye angeandika nini, na Somoe akasema hajui. Ilikuwa kweli tupu. Aliwapenda wote wawili, na kila mmoja alipomaliza kusema alimwona ana haki kuliko mwenzake. Mkutano ukaisha bila kura. Watu waliondoka wakiwa wawili wawili, wakizungumza kwa sauti ndogo.

*

Alhamisi mchana Somoe alilala kifudifudi ndani ya hema, joto linamchoma mgongo, akaisoma Kamusi upya kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Alikuwa amechoka kujiuliza kama mto unaweza kuwa shamba. Sasa alijiuliza jambo jingine: Kamusi inaruhusu vitu gani vya binadamu kuwa ndani ya mto?

Daraja. Gati. Wavu. Chombo.

Akaketi. Chombo cha majini huwa na watu ndani yake, na watu hao huhesabiwa. Chombo kinaweza kutia nanga mahali pamoja siku nyingi. Hakuna popote palipoandikwa kwamba kiwe na umbo gani.

Aliandika bonde lote: mto. Kisha, dungu moja baada ya jingine, akaandika: chombo, kimetia nanga, kina watu. Akamwuliza Pacha. Malango yatafunguliwa, Pacha akajibu, na kule pembeni idadi ya watu wa Mlanzi ikarudi kamili, hadi mtoto wa Mwanahamisi. Somoe alitoka nje ya hema akacheza peke yake kwenye jua, mikono juu, na mbuzi mmoja akamshangaa.

Angeishia hapo angelala vizuri. Lakini hakuwa mtu wa kuishia hapo, udadisi ndio uliomweka kwenye kazi ile. Alirudi ndani akamwambia Pacha aongeze maji, ili aone tu. Maji yakapanda. Vyombo vikapanda nayo. Akaongeza zaidi, hadi juu ya nguzo, hadi juu ya paa, hadi juu ya minazi. Vyombo vikaendelea kuelea kwa raha zake, na Pacha akaandika kila mara: hakuna hatari.

Mikono ikampoa. Alikuwa amewaandika watu waonekane, na sasa wanaonekana, lakini katika nchi ya Pacha watu hawa wasingeweza kuzama kamwe. Malango yangemwaga kiasi chochote. Huu ndio uongo wenyewe alioambiwa asitunge: neno ambalo kwake lina maana moja na kwa mashine lina maana nyingine.

Aliisoma ile sehemu ya vyombo tena, mstari kwa mstari, mpaka akafika penye habari za nahodha.

Alipomaliza kusoma alikwenda kuwaita Bi Siwema na Mwanahamisi, akawaketisha mbele ya hema. "Vyombo vikiwa pamoja vinakuwa na nahodha mmoja," aliwaambia. "Nahodha akisema tuko hatarini, Pacha habishi wala hapigi hesabu. Anafunga malango, anatuma boti. Ni mtu pekee ambaye neno lake linashinda hesabu. Lakini lazima awe ndani ya chombo, na lazima ajue anachokifanya. Akisema mapema, maji yanakatwa, na wakaguzi wanakuja. Akichelewa..."

"Niandike mimi," Mwanahamisi alisema, kisha akatikisa kichwa mwenyewe. "Hapana. Mimi maji yakigusa nguzo tu nitapiga kelele. Najijua."

"Na mimi sitasema mpaka yanifike shingoni," alisema Bi Siwema. "Na mimi najijua."

Halafu wote wawili, bila kupeana ishara, wakamtazama Somoe.

Semhando alipiga simu mara tu faili lilipomfikia. Hakusalimia.

"Somoe, naona mto mpana na vyombo vimejaa. Mlanzi nimewahi kupita. Hapana hata gati. Ni vyombo kweli?"

Kulikuwa na jibu la kazini na jibu jingine. "Hapana, Mzee. Ni nyumba zenye nguzo. Hazielei."

Alimsikia akihema. Somoe akawaza kwamba hapo ndipo kazi yake inapoishia, akashangaa kuona jambo hilo halimwumizi sana.

"Umeniandikia uongo ukaniambia ukweli," mzee alisema hatimaye. "Nikiukubali huo uongo, nimefanya kile ambacho nimetumia maisha yangu kukizuia."

"Najua, Mzee. Ukiukataa, Ijumaa maji yatakwenda baharini, na Pacha hatakuwa amekosea lolote."

"Hapa kwenye nahodha umeandika jina lako."

"Ndiyo."

"Nahodha hushuka mwisho. Hiyo nayo imo kwenye Kamusi, niliiandika mimi." Akakata simu. Baada ya muda si mrefu, alama nyekundu iliyokuwa juu ya Mlanzi kwenye kishikwambi ikageuka kijani: faili limekubaliwa.

*

Maji yalifika Jumamosi saa za mchana, yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani makavu na mapovu. Watu walipiga vigelegele kutoka dungu hadi dungu. Somoe alikuwa kwenye dungu la Mwanahamisi, la kwanza, maana alisema nahodha akae pale ambapo maji yanaanza. Alikaa ukingoni mwa sakafu ya fito, miguu inaning'inia, kishikwambi mapajani, na kifuani simu ya upepo kama zile alizowagawia watu wa kila dungu.

Jumapili yalipanda. Ukanda wa kaya ya kwanza ulizama, wa pili, wa tatu, na kila ukanda ulipozama mtu alipiga ukelele wa furaha kwenye simu. Lakini bonde lilikuwa limekauka mno, lilikuwa linakunywa. Kadiri maji yalivyotanda ndivyo yalivyokwenda taratibu, na huku nyuma, chini ya Mwanahamisi, yalizidi kuongezeka. Kufikia alasiri yalikuwa yanapiga chini ya fito. Vidole vya Somoe vililowa.

"Bado kidogo!" Ilikuwa sauti ya Bi Siwema. "Yamefika kwa jirani yangu, nayaona! Bado kidogo tu nahodha wangu, usiseme!"

Sakafu ikatetemeka. Gogo lilikuwa limegonga nguzo moja huko chini, likazunguka, likaenda zake. Nguzo ikalia.

"Mtumbwi?" Somoe aliuliza.

"Kwa mkondo huu? Utapinduka," alisema Mwanahamisi.

Somoe alitazama kioo. Kwa Pacha, chombo cha kwanza kilikuwa kinaelea salama salimini. Hakuna hatari. Alimtazama Mwanahamisi, akitegemea kwamba atamwambia sema, apate mtu wa kushirikiana naye lile jambo. Mwanahamisi alimfunga mtoto mgongoni, akakaza khanga mafundo mawili, akashika mwamba wa paa kwa mikono yote miwili, akasubiri.

"Bado, mama!" simu ilisema. "Hatua chache tu!"

Huenda nguzo zingestahimili. Somoe aliliwaza hilo kwa makini, kama alivyozoea kuwaza mambo yote, na akaona kwamba hajui, na kwamba hatajua mpaka ziwe zimekatika. Alikuwa na hofu, na alijua sehemu ya hofu ile ilikuwa ya mwili wake mwenyewe uliokuwa umekaa palepale. Gogo la pili lilikuwa linakuja, kubwa kuliko la kwanza. Akabonyeza.

Malango ya Kitapi yalijifunga. Hazikupita dakika nyingi boti za uokozi zikafika, zikawa zinazunguka zunguka kati ya madungu, taa zao zinawaka, zinatafuta vyombo. "Chombo kilicho hatarini kiko wapi?" moja iliuliza kwa ile sauti yao ya adabu. Mwanahamisi akapiga sakafu kwa kisigino. "Ndio hiki," alisema, akaanza kulia.

Boti ikamtoa yeye na mtoto. Somoe akafuata nyuma. Gogo la pili, lililokuwa limekwama kidogo huko juu, likaja likagonga nguzo, nguzo ikasimama.

Asubuhi mtoni kulikuwa kumetulia. Maji yalikuwa yameanza kurudi, na watu walishashuka matopeni na mbegu viunoni, wameinama, wanapanda. Mwanahamisi alikuwa kati yao. Somoe alikuwa amerudi juu ya lile dungu kungoja wakaguzi, akamwona Bi Siwema anakuja na mtumbwi, peke yake, anapiga kafi kwa nguvu isiyohitajika. Ukanda wake haukulowa. Wala wa jirani yake haukulowa vya kutosha kupanda.

Alipanda ngazi akihema. Akazitazama nguzo moja baada ya nyingine, zimesimama zote.

"Zimestahimili," alisema.

"Ndiyo, Bi Siwema."

"Ungesubiri kidogo tu, ningepata tope."

"Huenda. Na huenda zingekatika. Sikujua. Niliogopa, nikabonyeza."

"Uliogopa!" Macho ya Bi Siwema yalijaa machozi ya hasira. "Unaniambia hivyo hivyo, kwa mdomo wako? Nitakula kuogopa kwako mimi?"

"Ndiyo, nakuambia hivyo. Ni mimi niliyefanya. Nisamehe au usinisamehe."

Bi Siwema akavuta pumzi nyingi mara mbili.

"Miaka mitatu," alisema, "yale malango yamenifungia. Kila mwaka nilikuwa napiga simu kule kuuliza nimewakosea nini. Ile mashine inanijibu vizuri, inaniita mpendwa. Inaniambia niko salama. Sikupata hata mtu mmoja wa kumwambia kwamba ameniua." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sogea huko. Sogea nikae, leo una kazi. Nina maneno mengi, na utayasikia yote."

Somoe akasogea. Bi Siwema akaketi, akavua kandambili zake zenye matope, akaziweka pembeni vizuri, akamgeukia, akaanza.